Vitamini B9: Kinga ya mgongo wazi inayotakiwa mwilini kabla mama hajajua ana mimba

Ukiwauliza watu kwenye foleni ya famasi pale Sakina, jijini Arusha, ni vitamini B gani wanayoijua, wengi watakutajia B12 au "B complex". B9 wataitaja wachache sana. Hata vile vidonge vya neva vinavyouzwa sana madukani kwa kawaida huwa na B1, B6 na B12 tu. B9 haimo.

Lakini B9 ndiyo inayosaidia ubongo na uti wa mgongo wa mtoto kuumbika sawasawa tumboni. Ikipungua wakati huo, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi.

Na shida kubwa ni muda. Mama mjamzito hupewa B9 kliniki, ndani ya vidonge ambavyo wengi huviita "vya kuongeza damu". Anapovipokea kwa mara ya kwanza, mara nyingi kazi nyeti kuliko zote za vitamini hii imeshapita wiki kadhaa nyuma.

Makala hii inaeleza B9 inafanya nini, kwa nini inatakiwa mapema hivyo, na inapatikana wapi kwa mtu anayenunua chakula chake Sakina, Ngaramtoni au soko lolote la mtaani.

B9 ni kitu gani?

Vitamini za kundi B ziko nane: B1, B2, B3, B5, B6, B7, B9 na B12. Kila moja ina kazi yake.

B9 ikiwa ndani ya chakula huitwa foleti. Ikitengenezwa kiwandani kwa ajili ya vidonge au kuongezwa kwenye unga, huitwa asidi ya foliki. Ndiyo maana jina unaloliona kwenye boksi la dawa ni tofauti na lile la kwenye kitabu cha lishe, ingawa vitamini ni ileile.

Kazi yake kuu ni kusaidia seli kujigawa. Kila seli inapotaka kuzaa nyingine, lazima inakili vinasaba vyake, na B9 inahitajika katika kunakili huko. Kwa hiyo upungufu wake huonekana kwanza pale ambapo seli zinazaliwa kwa kasi.

Sehemu hizo ni mbili hasa. Ya kwanza ni uboho ndani ya mifupa, unakotengenezwa damu. Ya pili ni mtoto aliye tumboni.

Siku 28 zinazoamua mambo

Mwanzoni kabisa, sehemu ya mtoto itakayokuwa ubongo na uti wa mgongo huwa bapa kama karatasi. Karatasi hiyo hujikunja, kingo zake zikakutana na kushikana, ukawa mrija. Upande wa juu wa mrija huja kuwa ubongo, na upande wa chini uti wa mgongo.

Kazi hiyo yote huwa imekamilika ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa.

Mrija usipofunga vizuri upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Kwenye kiuno au mgongo hutokea uvimbe kama kifuko, au kidonda kinachoonyesha neva. Kutegemea ukubwa wa tatizo, mtoto anaweza kupata udhaifu wa miguu na kushindwa kuzuia mkojo na choo. Wengi wao pia hupata tatizo la maji kujaa kwenye ubongo, ambalo mtaani huitwa kichwa kikubwa.

Usipofunga upande wa juu, sehemu kubwa ya ubongo na fuvu haiumbiki. Mtoto wa namna hiyo hufia tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa.

Sasa piga hesabu. Kwa mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28, mimba hutungwa karibu siku ya 14. Siku anayotegemea kuona hedhi yake, mimba tayari ina wiki mbili. Zikipita wiki mbili nyingine ndipo mrija unamaliza kufunga. Maana yake, mama akiwa amechelewa hedhi kwa siku 14 tu, huku akidhani labda ni uchovu au mabadiliko ya kawaida, mgongo wa mtoto umeshafunga au umeshindwa kufunga.

Kliniki inakuja baada ya tukio

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba Tanzania ni takriban mwanamke mmoja kati ya wanne aliyekwenda kliniki kwa mara ya kwanza ndani ya miezi mitatu ya mwanzo ya mimba. Wengine wote walikwenda baadaye.

Na hata huyo aliyewahi, akifika wiki ya 10 au ya 12, mrija umeshamaliza kazi yake zamani.

Hii haina maana kwamba vidonge vya kliniki ni vya kutupwa. Mama anavihitaji sana. Damu yake inaongezeka, kondo la nyuma linakua, mtoto anakua, na vyote hivyo vinataka madini chuma na B9. Upungufu wa damu kwa mjamzito ni hatari inayoua, hasa akipoteza damu wakati wa kujifungua. Kwa hiyo ukipewa, meza.

Jambo la kuelewa ni kwamba vidonge hivyo vinakinga damu ya mama. Ili kukinga mgongo wa mtoto, B9 inatakiwa iwe mwilini tayari siku mimba inapotungwa. Kwa kuwa mimba nyingi huingia bila kupangwa, anayeihitaji ni kila mwanamke anayeweza kushika mimba, hata kama hana mpango wa mtoto mwaka huu.

Ilivyojulikana

Habari ya B9 ilianzia kwa wanawake wajawazito maskini nchini India. Mwaka 1928 daktari Mwingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay, ambayo leo inaitwa Mumbai, kuchunguza upungufu mkali wa damu uliokuwa ukiwasumbua wajawazito, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda vya nguo.

Wills aliona kwamba tatizo liliwapata zaidi wanawake wenye lishe duni. Akajaribu kuwapa Marmite, aina ya siagi nyeusi ya kupaka mkate inayotengenezwa kwa chachu. Damu yao ikapanda. Akatangaza matokeo hayo mwaka 1931, ingawa wakati huo hakuna aliyejua ni kitu gani ndani ya chachu kilichofanya kazi.

Mwaka 1941 wanasayansi nchini Marekani walikitenga kirutubishi hicho kutoka kwenye majani ya spinachi, wakakipa jina kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Kumbe jina lenyewe linakuonyesha pa kuitafuta.

Uhusiano wake na mgongo wazi ulithibitishwa mwaka 1991. Utafiti ulioongozwa na Uingereza katika vituo 33 kwenye nchi saba uliwafuatilia wanawake ambao tayari walishapata mimba yenye tatizo hilo. Baadhi walipewa asidi ya foliki kabla ya kushika mimba nyingine. Mimba 27 zilipata tatizo tena. Kati ya hizo, 6 tu zilikuwa za waliopewa asidi ya foliki, na 21 za wasiopewa. Kwa hesabu za watafiti, vidonge viliondoa asilimia 72 ya hatari.

Mwaka 1999 matokeo kutoka China, yaliyohusu zaidi ya wanawake 240,000, yalionyesha kwamba hata kidonge kidogo cha mikrogramu 400 kwa siku kinapunguza tatizo, na kinasaidia zaidi kwenye maeneo ambako tatizo ni kubwa.

Sembe, dona na unga wa mashine ya mtaani

Kwa kuwa ni vigumu kumfikia kila mwanamke na kidonge kabla ya mimba, nchi nyingi ziliamua kuiweka B9 kwenye chakula ambacho kila mtu anakula. Marekani ililazimisha jambo hilo kuanzia 1998. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 2011, na Kenya na Uganda nazo zikafanya hivyo miaka hiyohiyo.

Kwa Tanzania, unga wa ngano na wa mahindi unaotoka viwandani unatakiwa kuongezwa asidi ya foliki, vitamini B12, madini chuma na zinki. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam baada ya hapo ulikuta kiwango cha foleti katika damu ya wanawake kimepanda.

Shida inakuja hapa. Ngano karibu yote inapita kwenye viwanda vikubwa, kwa hiyo chapati, maandazi na mkate mara nyingi vina B9 ya kuongezwa. Mahindi hayako hivyo. Familia nyingi za Arusha na vijiji vinavyozunguka Mlima Meru huvuna au kununua gunia la mahindi, kisha hubeba debe kwenda mashine ya kusaga iliyo jirani. Mashine hizo ndogo ni nyingi na ni vigumu kuzifikia zote. Unga unaotoka hapo kwa kawaida haujaongezwa chochote.

Kwa hiyo sufuria ya ugali inaweza kuwa na moja kati ya unga wa aina tatu:

- Sembe au dona ya kiwandani iliyoongezwa virutubishi. Hii ina B9 ya maana. Angalia kwenye mfuko kama imeandikwa hivyo.
- Dona ya mashine ya mtaani. Ina nyuzinyuzi na virutubishi vya asili vya mahindi, lakini B9 yake ni ndogo, takriban mikrogramu 25 kwa kila gramu 100 za unga.
- Sembe ya mashine ya mtaani. Imekobolewa, ikapoteza kiini na ganda, halafu haikuongezwa kitu. Hii ndiyo maskini kuliko zote.

Yapo majaribio ya kuziba pengo hilo. Shirika la Sanku, kwa mfano, hufunga kwenye mashine ndogo za kusaga Tanzania kifaa kinachopima na kuchanganya virutubishi wakati unga unatoka.

Kama unasaga mtaani, si lazima uache. Dona ni chakula kizuri. Ila ujue kwamba B9 lazima uitafute kwenye mboga, siyo kwenye ugali.

B9 iko wapi sokoni?

Habari njema ni kwamba Sakina iko mahali pazuri. Daladala za Ngaramtoni zinapita hapo, na mazao kutoka mashamba ya miteremko ya Meru hufika yakiwa bado mabichi.

Mahitaji ya mtu mzima ni mikrogramu 400 kwa siku. Mjamzito anahitaji 600, na anayenyonyesha 500. Hivi ndivyo vyakula vinavyofikisha hesabu hiyo kwa urahisi:

- Choroko, dengu na kunde. Kikombe kimoja cha choroko zilizopikwa kina zaidi ya mikrogramu 300. Kunde kavu zikipikwa hukaribia 350.
- Maharage. Kikombe cha maharage mekundu yaliyopikwa kina takriban 230. Arusha ni nyumbani kwa maharage. Kituo cha utafiti cha Selian, kilicho njia hiyohiyo ya Namanga ukipita Sakina, ndicho kilichotoa mbegu zinazojulikana kama Selian 97.
- Mboga za majani. Mnafu, mchicha, spinachi, majani ya kunde, majani ya maboga na sukuma wiki. Kikombe cha spinachi iliyopikwa kina takriban 260. Nyingine zinatofautiana, lakini zote zinachangia.
- Parachichi. Nusu ya parachichi la kawaida ina takriban 80.
- Maini. Yana B9 nyingi sana, lakini pia yana vitamini A nyingi mno. Mjamzito asiyafanye chakula cha kila siku.
- Karanga, mayai na machungwa. Vina kiasi, vinasaidia kujazia.

Ukiangalia orodha hiyo utaona kwamba makande, chakula cha kawaida kabisa cha Kaskazini, yanaizidi sahani ya ugali na nyama kwa B9. Siri iko kwenye maharage. Ukiongeza mnafu pembeni na kipande cha parachichi, mlo mmoja umemaliza zaidi ya nusu ya mahitaji ya siku.

Loshoro nayo ni chakula kizuri chenye maziwa, ila mahindi na maziwa peke yake hayatoshi kwa B9. Anayekula loshoro mara kwa mara aongeze mboga au maharage katika mlo mwingine wa siku.

Mboga hizi za asili zilidharauliwa kwa muda mrefu kama chakula cha shida. Leo Kituo cha Mboga cha Dunia, chenye ofisi ya kanda Arusha, kinahifadhi na kuboresha mbegu zake kwa sababu zina virutubishi vingi na zinastahimili hali ya huku.

Usimwage maji ya mboga

B9 ina udhaifu mara mbili. Inayeyuka kwenye maji, na inaharibiwa na moto wa muda mrefu.

Mboga ya majani ikichemshwa kwenye maji mengi kisha maji yakamwagwa, karibu nusu ya B9 inaweza kwenda nayo. Na hivyo ndivyo mnafu unavyopikwa na wengi, ili kupunguza uchungu. Unachemshwa, unakamuliwa, maji yanamwagwa, halafu unakaangwa upya.

Namna ya kuokoa vitamini ni hii:

- Osha mboga kabla ya kukata, siyo baada ya kukata.
- Tumia maji kidogo, funika sufuria, pika kwa dakika chache.
- Kama ni lazima kupunguza uchungu wa mnafu, chagua majani machanga, changanya na mchicha, au pika na maziwa au karanga badala ya kumwaga maji.
- Maji ya maharage yasimwagwe baada ya kuiva. Fanya mchuzi.
- Mboga iliyolala na kupashwa moto mara tatu imebaki na B9 kidogo. Ikiwezekana pika ya kutosha siku hiyo tu.

Chagua mahindi kabla ya kusaga

Kuna jambo lingine linalowahusu walaji wa ugali. Mahindi yaliyoota ukungu yanaweza kuwa na sumu inayoitwa fumonisini. Maabara zimeonyesha kwamba sumu hii huzuia seli kuichukua B9, hata kama B9 ipo kwenye damu.

Suala hili lilianza kuangaliwa kwa makini baada ya kesi nyingi za watoto wenye matatizo ya ubongo na uti wa mgongo kujitokeza mwaka 1990 na 1991 kwenye mpaka wa Texas na Mexico, ambako watu hula sana mikate ya mahindi. Watafiti wa Tanzania nao wameikuta fumonisini kwenye mahindi ya wakulima, ikiwemo Rombo, mkoa jirani wa Kilimanjaro.

Kinga yake inaanzia nyumbani. Kausha mahindi vizuri, yahifadhi pasipo unyevu, na kabla ya kwenda mashineni toa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Punje hizo usimpe mtu, wala usizifiche ndani ya unga wa uji wa mtoto.

Nani atumie vidonge, na kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke anayepanga kushika mimba atumie mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, kuanzia anapoanza kujaribu hadi wiki ya 12 ya mimba. Aanze angalau mwezi mmoja kabla. Vidonge hivi hupatikana famasi, na ukivitaka unaweza kuuliza pia zahanati au kituo cha afya bila kusubiri uwe mjamzito.

Wapo wanaohitaji dozi kubwa zaidi, mara kumi au zaidi, lakini kwa kuandikiwa na daktari:

- aliyewahi kupata mtoto au mimba yenye mgongo wazi;
- ambaye yeye au mwenzi wake alizaliwa na tatizo hilo;
- mwenye kisukari;
- anayetumia baadhi ya dawa za kifafa. Huyu asiache dawa zake ghafla kwa kuogopa. Amwone daktari kabla ya kushika mimba.

Tahadhari tatu

Ya kwanza ni malaria. Wajawazito Tanzania hupewa dawa ya SP kuzuia malaria. Asidi ya foliki ya miligramu 5 kwa siku inapunguza nguvu ya SP. Kidonge kidogo cha mikrogramu 400 hakina shida. Kwa hiyo usinunue tu kile kikubwa cha miligramu 5 dukani ukadhani kikubwa ndicho bora. Mwambie mhudumu unachotumia.

Ya pili ni B12. Asidi ya foliki nyingi inaweza kurekebisha damu huku upungufu wa B12 ukiendelea kuharibu neva kimyakimya. Mzee anayehisi ganzi miguuni, au mtu asiyekula kabisa vyakula vya wanyama, apimwe kabla ya kumeza vidonge vya B9 kwa muda mrefu.

Ya tatu ni pombe na dawa nyingine. Pombe nyingi huzuia mwili kuichukua B9. Septrin ikitumika kwa muda mrefu, na baadhi ya dawa za saratani na baridi yabisi, nazo huingilia kazi yake.

Siyo ya wajawazito peke yao

Mtu yeyote akikosa B9 kwa miezi mitatu minne hivi, akiba iliyo kwenye ini huisha. Hapo uboho huanza kutoa chembe nyekundu chache, kubwa na zisizokomaa. Mgonjwa huchoka, hukosa pumzi akipanda mlima kidogo, viganja hupauka, na ulimi huwa mwekundu, laini na wenye maumivu.

Wenye selimundu wanaihitaji zaidi, kwa sababu chembe zao nyekundu hufa mapema na mwili hulazimika kutengeneza nyingine kila mara. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa selimundu nchini huandikiwa asidi ya foliki kila siku.

Mtoto akizaliwa na mgongo wazi

Kwanza, siyo uchawi, wala siyo laana ya ukoo. Pia siyo kosa la mama. B9 inapunguza hatari lakini haiifuti yote, kwa sababu kurithi, kisukari na mambo mengine yanachangia. Wapo wanawake waliokula vizuri na bado ikawatokea. Baba anayemkimbia mama kwa sababu ya hali ya mtoto anamwacha peke yake na safari ndefu ya hospitali ambayo ilipaswa kuwa ya wawili.

Pili, wahi. Kidonda cha mgongoni kifunikwe kwa kitambaa safi chenye unyevu wa maji ya chumvi ya hospitali, na mtoto apelekwe mara moja. Upasuaji wa kufunga mgongo unatakiwa ufanyike mapema, ikiwezekana ndani ya siku mbili, kabla maambukizi hayajapanda kwenye ubongo. Usipake dawa za kienyeji.

Upasuaji wa aina hii hufanyika katika hospitali kubwa kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam. Kwa mtu wa Sakina, pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru, ambako atapewa rufaa. Arusha pia kuna The Plaster House, nyumba inayowapokea watoto wanaosubiri upasuaji na wanaopona baada ya upasuaji, wakiwemo wenye mgongo wazi na kichwa kikubwa.

Kichwa cha mtoto kikianza kukua haraka kuliko kawaida, au macho yakaelekea chini muda wote, usisubiri tarehe ya kliniki. Katika tatizo hili, kila wiki inayopita inaweza kuongeza uharibifu wa ubongo.

Maswali yanayoulizwa sana

*Nikila mboga kila siku nahitaji kidonge?* Kama unapanga mimba, ndiyo. Chakula kinasaidia sana, lakini mwili huichukua asidi ya foliki ya kidonge kirahisi zaidi kuliko foleti ya mboga, na kwenye chakula ni vigumu kujua umepata kiasi gani.

*Nimegundua nina mimba ya wiki nane na sikuwahi kumeza kitu. Nimechelewa?* Watoto walio wengi huzaliwa wazima hata hapo. Anza kliniki sasa, meza unavyopewa, na omba kipimo cha picha ya ultrasaundi kwa wakati utakaoambiwa.

*Wanaume je?* Wanaihitaji kiasi kilekile cha mikrogramu 400, kwa ajili ya damu na afya ya kawaida. Kwa mwanaume, chakula kwa kawaida kinatosha.

*Ikizidi inadhuru?* Ya kwenye chakula haina shida. Ya vidonge na ya kuongezwa kwenye unga, kwa mtu mzima isizidi mikrogramu 1,000 kwa siku bila ushauri wa daktari.

*Binti wa miaka 17 anahitaji kufundishwa haya?* Ndiyo. Anayehitaji B9 kwanza ni msichana ambaye bado hajafika kliniki. Sahani ya maharage na mboga ya majani nyumbani au shuleni ndiyo inayomfikia mapema kuliko kadi ya kliniki.